Kabla ya Sindano, Uliza Jina

Huku juu Ufipa, mkoani Rukwa, baridi imeshika na kila mtu anatembea na koti lake. Leo nataka kuzungumza na walio wodini na wanaowauguza. Nazungumza pia na yule ndugu aliyekaa kwenye benchi nje akisubiri saa ya kuona wagonjwa, hotpoti ya uji wa ulezi ikiwa mapajani.

Nianze na jambo lililotokea mbali na hapa, ambalo wengi wenu mlilisikia wakati ule. Ni Novemba 2007, Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ile tunayoiita MOI. Walikuwapo vijana wawili waliolazwa kusubiri upasuaji, na wote waliitwa Emmanuel. Mmoja alikuwa na shida ya goti, mwingine ya kichwa. Siku ilipofika, Emmanuel wa goti alipasuliwa kichwa, na Emmanuel wa kichwa akapasuliwa goti. Yule wa kichwa alifariki siku chache baadaye. Mwenzake alinusurika, lakini maisha yake hayakuwa tena yale ya kijana aliyeingia hospitali kutibiwa goti.

Nchi nzima ilishika kichwa. Madaktari walisimamishwa kazi, na watu wakataka kujua mzembe ni nani. Hiyo ni haki yao. Ila mimi jambo hili huniumiza kwa sababu nyingine. Ile ni taasisi ya mabingwa, pale ndipo tunapopelekwa kwa rufaa baada ya sehemu nyingine kushindwa. Visu vilikuwapo, dawa ya usingizi ilikuwapo, na elimu ilikuwapo ya kutosha. Alikosekana mtu wa kumwinamia kijana mmoja kabla hajalala na kumwambia, "Taja majina yako yote. Unatibiwa nini leo? Nionyeshe kwa kidole ni wapi." Majibu ya maswali hayo hayachukui hata nusu dakika.

Sasa tuje kwetu. Ufipa ni nchi iliyobatizwa mapema na Mapadri Weupe, na majina yetu mengi yametoka kwenye kalenda ya watakatifu. Simama mlangoni mwa wodi ya akina mama saa ya dawa uone. Nesi anasukuma toroli lake, anaita, "Maria!" Wanaitika wawili, na wa tatu amelala usingizi. Anaita jina la pili, na hapo napo hujapona, maana la baba nalo ni Yohana au Petro, na akina Maria Petro si wachache kutoka Chala mpaka Kate. Mmoja kajifungua kwa upasuaji, mwingine ana malaria kali, wa tatu presha. Nesi anakumbuka kwamba Maria wake yuko kitanda cha dirishani. Lakini mchana yule wa dirishani aliomba kuhamishwa kwa sababu ya baridi, na nesi wa zamu iliyopita hakuliandika hilo, kwa sababu nani anaandika habari za dirisha?

Fikiria kwamba kinachopelekwa ni damu. Maria mmoja ni kundi A, mwingine ni kundi O. Damu ya A ikiingia kwa mtu wa O, mwili wake unaishambulia dakika hiyohiyo. Atatetemeka, kiuno kitamuuma, figo zinaweza kusimama, na anaweza kufa huku chupa bado inaning'inia na kila mtu akidhani ameokolewa. Damu ilipimwa vizuri maabara na mtoaji alikuwa salama. Kosa limetokea katika hatua kumi za mwisho, kati ya meza ya nesi na kitanda.

Nawaambia wakulima wenzangu: gunia lako la mahindi likifika kwenye ghala la NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, linapimwa na kuandikwa, na usipokuwa makini wewe na karatasi yako hakuna malipo. Je, mtu aliyelala kitandani hastahili uangalifu wa gunia?

Kuna sadfa moja ambayo watu wachache wanaijua. Katika miezi ileile yalipotokea ya MOI, hapahapa Tanzania kulikuwa na hospitali iliyokuwa ikijaribu dawa ya kosa hilo. Ni Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, kule Kilombero. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limechagua hospitali nane duniani: London, Seattle, Toronto, Auckland, New Delhi, Manila, Amman, na ya nane ni hiyo ya kwetu Ifakara. Kazi ilianza Oktoba 2007 ikaisha Septemba 2008. Walichojaribu hakikuwa mashine. Kilikuwa karatasi ya ukurasa mmoja yenye mambo 19 ya kusomwa kwa sauti ndani ya chumba cha upasuaji: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa. Jambo la kwanza kabisa kwenye karatasi hiyo ni mgonjwa mwenyewe kuthibitisha yeye ni nani, anapasuliwa nini na wapi, na kwamba ameridhia.

Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Kabla ya karatasi, katika kila wagonjwa 1,000 waliopasuliwa walikufa 15. Baada yake walikufa 8. Waliopata matatizo makubwa walishuka kutoka 11 katika kila 100 hadi 7. Na pale London na Seattle, wasomi wa huko hawakuona aibu kusoma karatasi ileile iliyokuwa ikisomwa Ifakara.

Lakini tusidanganyane, karatasi haina uchawi. Huko Kanada, jimbo la Ontario, serikali iliagiza hospitali zote ziitumie orodha hiyo na kutoa taarifa. Watafiti wakaangalia hospitali 101, kabla na baada ya agizo, na ripoti yao ya mwaka 2014 ikasema vifo havikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Wataalamu walibishana sana kwa nini. Mimi nakubaliana na waliosema kwamba ukimwamuru mtu kuweka alama ya vema, ataweka alama ya vema. Atazijaza zote ofisini akinywa chai, mgonjwa bado yuko wodini. Karatasi imeandikwa ili mtu amsemeshe mgonjwa, na asipomsemesha ni karatasi tu.

Na kusemeshana ndiko kwenye shida kwetu Ufipa. Sisi tumelelewa kwa heshima. Mkubwa akisema, unainama, unapiga magoti, unapiga makofi, unaitika. Ni mila nzuri na siombi ife. Lakini ipeleke wodini. Dokta anapita raundi na watu wanne nyuma yake, anasoma faili, anasema maneno mawili ya Kiingereza, anamgeukia bibi: "Unaendeleaje, bibi?" Bibi anajibu, "Salama, baba." Usiku kucha hakulala kwa maumivu, mkojo haujatoka tangu jana, na dripu imevimbisha mkono mpaka kiwiko. Anajibu salama kwa sababu ndivyo mtu anavyomjibu mkubwa aliyemjulia hali. Dokta anaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, na wanahamia kitanda kinachofuata. Wote wawili wamefanya kwa adabu, na bibi amekaribia hatari.

Heshima hiyo kwa daktari ina mizizi yake. Pale Sumbawanga mjini tuna hospitali ya jimbo yenye jina la Dk. Adrian Atiman. Vijana, mnamjua? Alikuwa mtoto wa Afrika Magharibi aliyekamatwa utumwani akiwa mdogo, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa utabibu Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akaletwa Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Alikaa huko zaidi ya miaka 60 akitibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Alikuwa daktari na katekista kwa pamoja. Naamini hapo ndipo wazee wetu walipojengewa picha ya tabibu kama mtu wa Mungu, anayeingia kwa mlango mmoja na sakramenti. Mtu wa namna hiyo hakaguliwi, hakatizwi, wala humwulizi, "Hii sindano ni ya nini?" Atiman alistahili heshima hiyo yote na zaidi. Ila hospitali ya leo ina zamu tatu, wanafunzi wa mazoezi, maabara, bohari na faili linalopita mikono kumi. Katika mikono kumi, kosa linapata nafasi ya kuingia hata kama kila mkono ni mwema.

Kuna pia ukimya wa aina nyingine, ule wa woga. Mama mjamzito amekunywa majani ya kuharakisha uchungu, alipewa na mama mkwe kabla ya kutoka nyumbani. Anafika leba, tumbo linabana bila kupumzika. Nesi akimwuliza kwa ukali, "Umekunywa dawa za kienyeji wewe?" jibu ni "Hapana." Sote tunajua kwamba jibu ni hapana. Sasa yule nesi ataongeza dripu ya uchungu juu ya majani, na mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Swali lilelile likiulizwa kwa upole, pembeni, bila mama mkwe kusikia, lingeokoa watu wawili. Kwa hiyo ndugu zangu wauguzi, mnapoambiwa msifokee wagonjwa, msidhani ni habari ya tabasamu na mapokezi tu. Mgonjwa anayekuogopa anakuficha, na anachokuficha ndicho unachokihitaji kumtibu.

Sitaki nionekane nawasema wauguzi. Nimekaa na ndugu aliyelazwa, nikamwona nesi mmoja usiku kwenye wodi iliyojaa, wengine wamelala wawili kitandani. Huku anaitwa mtoto amepata degedege, huku dripu imeisha, huku ndugu wa mgonjwa anagonga dirisha. Ukimwambia huyo amwulize kila mtu majina matatu kabla ya kila kidonge, atakuona mtu wa redioni, na atakuwa na haki. Upungufu wa watumishi ni wa kweli, na mikoa ya pembezoni kama wetu ndiyo inayoumia zaidi kwa sababu wanaopangiwa huku hawafiki wote, na wanaofika hawakai wote. Hilo ni deni la serikali na tuendelee kulidai. Hata hivyo sikubaliani na anayesema tungoje watumishi wajae kwanza. Pale penye watu wachache na haraka nyingi ndipo majina yanapochanganyika.

Na mgonjwa asiyeweza kusema je? Mapema mwaka 2018, Nairobi, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, walilazwa watu wawili wasiojitambua. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda kichwani, wa kupasuliwa. Mwingine alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu. Kitambulisho kilibandikwa kwa asiye mwenyewe. Madaktari walifungua kichwa, wakatafuta damu saa kadhaa, hawakuiona. Hapo mdomo usingesaidia. Kingesaidia kitambaa cha mkononi kilichoandikwa vizuri tangu mapokezi, na macho mawili ya kukisoma tena. Kitambaa kikikosekana, kipande cha plasta chenye majina matatu, umri, kijiji na namba ya faili kinatosha, kiandikwe kwa kalamu isiyofutika kwa maji. Na kwa mtoto mchanga kifungwe mguuni palepale leba, mama akiangalia.

Sisi tuna pia wengine wanaojitambua lakini hawasikiki. Bonde la Rukwa limejaa wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao. Bibi wa Kisukuma analetwa kutoka bondeni, gari limepanda mteremko wa Lyamba lya Mfipa usiku, amefika Sumbawanga hajui Kiswahili cha kueleza tumbo. Mjukuu aliyemleta ndiye mdomo wake. Saa ya kuona wagonjwa ikiisha mlinzi anamtoa mjukuu nje ya geti pamoja na wengine wote, na bibi anabaki wodini bila mdomo mpaka kesho. Vivyo hivyo kwa mzee wa Kimambwe au Kilungu anayejua Kiswahili cha sokoni tu. Utaratibu wa geti una sababu zake, wodi haiwezi kuwa stendi ya basi. Lakini kwa mgonjwa asiyejua lugha, ndugu mmoja akae. Naomba waganga wafawidhi walitazame hilo, maana halihitaji fungu la bajeti.

Na anayepewa rufaa, karatasi ndiyo inayomsemea. Mama anatolewa Kala au Kabwe, pengine kwa gari lililoitwa kwa namba 115 ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, ile ya bure. Anafika amezimia kwa kifafa cha mimba. Karatasi isiposema amechomwa dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, wa huku atamchoma tena. Anayeandika "amepewa dawa" bila jina wala saa hajaandika kitu. Na akipelekwa mbele zaidi, Mbeya, ni zaidi ya kilomita 300. Huko hakuna anayemfahamu hata kwa sura.

Sasa haki. Kwenye ukuta wa mapokezi, karibu na dari, kuna fremu yenye mkataba wa huduma kwa mteja. Imeandikwa kwa herufi za kusomwa na popo. Humo mna mambo mazuri ambayo tungependa kuyasikia chini huku tulipo: kupewa maelezo kwa lugha unayoielewa, kuridhia au kukataa tiba, kutunziwa siri. Katiba yenyewe, ibara ya 12, 14 na 16, inazungumza habari ya utu wa mtu, uhai wake na faragha yake, na sijaona palipoandikwa kwamba ukilazwa unaviacha getini pamoja na viatu.

Chukua fomu ya ridhaa. Mgonjwa anawekewa karatasi mbele, "Weka dole gumba hapa." Anaweka. Umwulize ameridhia nini, hajui. Hiyo imekuwa karatasi ya kumlinda aliyempa wino. Na mama mwenye akili zake timamu asingojeshewe mume atoke Mpui ndipo apasuliwe, mwili ni wake na kidole anacho. Kuhusu siri, sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inakataza kutangaza hali ya mtu, lakini wodini inatosha kusema "huyu ni wa CTC", yaani kliniki ya wenye VVU, kwa sauti ya kawaida na kitanda cha tatu kimesikia. Kwa hiyo jina liulizwe kwa sauti, ugonjwa utajwe kwa kunong'ona. Mara nyingi sisi tunafanya kinyume.

Ukiona jambo haliko sawa wodini, usianze na simu ya kurekodi video. Mwite nesi wa zamu umwambie. Hajakusikia, mtafute muuguzi mfawidhi wa wodi, kisha mganga mfawidhi wa hospitali. Kama shida ni ya fedha, ofisa ustawi wa jamii yupo kwa ajili hiyo, hasa kwa wazee wasio na uwezo. Juu yao yuko mganga mkuu wa wilaya, halafu wa mkoa. Jambo likiwa zito la kitaaluma liko Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa wauguzi liko Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Andika tarehe, saa, wodi, zamu ya asubuhi au ya usiku, na ulichokiona kwa macho yako. Ulichosimuliwa na jirani wa kitanda kiandike peke yake. Malalamiko yenye saa na tarehe yanafuatiliwa. Yanayosema "hospitali ile wanaua watu" yanaishia kilabuni.

Kwa mgonjwa mwenyewe na ndugu yake nina maneno machache. Akija mtu na sindano, hujachelewa kumwambia, "Sista, mimi ni Maria Petro wa Kate, nimejifungua juzi. Hiyo ni ya kwangu?" Nesi mzuri atatazama tena na hatachukia. Kama penisilini iliwahi kukuvimbisha, iseme siku ya kwanza na uirudie kila zamu inapobadilika. Ndugu, usiongeze kasi ya dripu kwa sababu unataka mgonjwa apone haraka. Dripu ikikimbia kwa mtu mwenye moyo dhaifu, maji yatamjaa kifuani.

Na siku ya kuruhusiwa, najua furaha yake. Bodaboda iko nje, nguo ziko kwenye mfuko, kila mtu anataka kuondoka kabla jua halijapotea. Kaa dakika tano. Omba karatasi ya kuruhusiwa, isomwe mbele yako kwa Kiswahili: ugonjwa ulikuwa nini, dawa ipi imeachwa, ipi inaendelea na kwa siku ngapi, urudi tarehe ngapi, na ukiona dalili gani urudi usiku huohuo. Angalia jina lililoandikwa juu ya karatasi, na jina lililo kwenye bahasha ya vidonge. Mganga wa zahanati ya kijijini kwako hatakuwa na kitu kingine cha kusoma.